Mrejesho: chanzo cha mlio wa kugonga mbele kushoto mwa gari kimepatikana

Ndugu zangu, nawashukuru sana kwa kunisaidia nilipouliza kuhusu mlio wa "ko-ko-ko" uliotoka mbele kushoto mwa gari langu kila nilipopita barabara ya vumbi yenye mashimo, ilhali kwenye tuta haukusikika. Aliyeeleza kwamba tuta huinua magurudumu yote mawili kwa pamoja, hivyo stabilaiza (fimbo ya chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia) haijipindi na linki zake (vifimbo vifupi vinavyoishikiza kila upande) hazigongi, ndiye aliyepatia. Fundi alipoitikisa linki kwa mkono ilicheza waziwazi. Kifuniko chake cha mpira kilikuwa kimepasuka na grisi imekauka. Tulibadilisha za pande zote mbili, na mlio ule umekwisha kabisa.

Bushi (mipira ya kwenye maungio) za mkono wa chini unaoshikilia gurudumu nazo zilikuwa zimechoka, tukaziweka mpya. Nasisitiza ushauri mlionipa wa kukaza bolti zake gari likiwa limekalia magurudumu yake, maana zikikazwa likiwa juu ya jeki, mpira hubaki umejisokota na huchanika mapema.

Kilichobaki ni mkwaruzo mdogo ninapokata usukani gari likiwa limesimama. Shokapu mpya hazikuuondoa, kwa hiyo sasa tunashuku beringi ya juu ya shokapu (inayoiwezesha kuzunguka usukani unapokatwa), ambayo bado haijabadilishwa.