Empathi, haiba na sonona kwa wauguzi: alfa ndogo na matokeo yasiyoeleweka, naomba msaada

Zuhura_Tafiti

Habari za kazi wakuu. Naandaa tasnifu ya uzamili ya saikolojia hapa Tanzania. Nataka kujua kama haiba ya muuguzi na empathi yake, yaani uwezo wa kuelewa na kuhisi anayopitia mwenzake, vina uhusiano na dalili za sonona. Vipimo ni vitatu, vyote kwa Kiswahili: IRI ya Davis (hojaji ya empathi) yenye sentensi 28, BFI (hojaji ya hulka tano kuu za haiba) yenye sentensi 44, na PHQ-9 (maswali tisa ya dalili za sonona). IRI na BFI nimetafsiri mwenyewe.

Majaribio ya awali yamenikwamisha. Alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi sentensi za kipengele kimoja zinavyoshikana, haikufika hata 0.5 kwenye kipengele cha IRI cha kujali kwa huruma. Nikijumlisha sentensi zote 28 za IRI, wenye empathi kubwa ndio wenye alama za juu za sonona, na msimamizi wangu anaona hayo ndiyo matokeo ya kuandikia. Halafu kuna wahojiwa waliokubaliana na karibu kila sentensi ya BFI, hata zile zinazopingana.

Niendelee kukusanya data au nirudi nyuma? Na sampuli iwe ya watu wangapi?

Mzee_wa_Takwimu

Dada Zuhura, usiendelee kwanza. Naanza na hilo la kujumlisha, maana ndilo litakaloangusha tasnifu nzima.

IRI haijumlishwi. Mark Davis aliijenga kuwa na vipengele vinne vinavyosimama kila kimoja peke yake, sentensi 7 kwa kila kipengele, alama 0 hadi 4 kwa kila sentensi: kujiweka katika nafasi ya mwenzako, kuzama katika hadithi na filamu, kujali kwa huruma, na fadhaa binafsi. Fadhaa binafsi ni ya nesi anayeganda na kuchanganyikiwa mgonjwa anapoanza kutapika damu. Kujali kwa huruma ni ya nesi anayemsikitikia mgonjwa huyohuyo na mikono yake ikaendelea na kazi. Katika tafiti nyingi fadhaa binafsi ndiyo inayokwenda pamoja na sonona na wasiwasi. Kujali kwa huruma huonyesha uhusiano mdogo au wa kuyumbayumba, na kujiweka katika nafasi ya mwenzako mara nyingine huelekea kinyume. Ukitia yote kwenye jumla moja, fadhaa inavuta namba juu, nawe unaandika kwamba huruma inaleta sonona. Hayo si matokeo, ni kosa la kujumlisha. Mweleze msimamizi kwa heshima ukiwa na jedwali la vipengele vinne mkononi.

Kuhusu alfa, kabla ya kulaumu tafsiri, kagua sentensi zilizogeuzwa, yaani zile ambazo kuzikubali kunaonyesha sifa hiyo ni ndogo, kwa hiyo alama zake hugeuzwa kabla ya kujumlisha. Kwenye IRI ziko tisa: namba 3, 4, 7, 12, 13, 14, 15, 18 na 19. Tatu kati yake (4, 14 na 18) zimo kwenye kujali kwa huruma, na kipengele chenyewe kina sentensi 7 tu. Ukisahau kuzigeuza hizo tatu, alfa lazima iporomoke, pengine iwe hasi kabisa. Kosa jingine linalojirudia sana ni fomula. Kama uliingiza majibu kuanzia 0 hadi 4, kugeuza ni 4 kutoa jibu. Kama ni 1 hadi 5, ni 6 kutoa jibu. Mtu akitumia 6 kwenye data ya 0 hadi 4 anapata alama kuanzia 2 hadi 6, na programu haitamlalamikia. Angalia kima cha chini na cha juu cha kila sentensi baada ya kugeuza. Ni kazi ya dakika mbili.

Sampuli: ukitarajia uhusiano wa 0.2 (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili), nguvu ya jaribio asilimia 80 (uwezekano wa kuugundua uhusiano huo kama upo) na kiwango cha 0.05 (uwezekano wa kudai uhusiano ambao haupo), unahitaji watu kama 194. Ukitarajia 0.3 wanatosha kama 85, ila kwenye haiba na empathi 0.3 ni matumaini makubwa. Lenga 250 ili ubaki na wa kutosha baada ya kuondoa fomu zenye kasoro.

Pwani_Saikometria

Naongezea hilo la kukubali kila kitu, kwa sababu linagusa IRI na BFI zote mbili.

Mhojiwa anakubali kwamba ni mwongeaji, na mbele zaidi anakubali kwamba ni mkimya. Hasemi uongo. Anakubali kwa adabu, au amechoka, au sentensi haijamwingia. Wenzetu waliozitazama hojaji za hulka tano katika nchi 23 za kipato cha chini na cha kati (utafiti wa Laajaj na wenzake, uliotoka mwaka 2019) walikuta sentensi za hulka moja hazishikani inavyotakiwa pale watu walipohojiwa ana kwa ana, na mazoea ya kukubali yalikuwa sehemu kubwa ya tatizo. Kwa hiyo hulka tano zisichukuliwe kuwa zipo kwenye data yako kwa sababu tu zipo kwenye kitabu. Zikague.

Wauguzi wana nafuu, wamesoma na wanaweza kujaza wenyewe. Waachie wajaze wenyewe, usiwasomee. Kisha pima mazoea ya kukubali: kwa kila mhojiwa, chukua sentensi zinazopingana jozi kwa jozi, tafuta wastani wa majibu yake kabla ya kugeuza chochote. Kwenye kipimo cha 1 hadi 5, asiye na mazoea hayo anakaa karibu na 3. Mwenye 4 na zaidi amekubali pande zote mbili. Wastani huo uutoe kwenye kila jibu lake, ndipo ugeuze na kujumlisha. Kama bado una nafasi ya kubadilisha kipimo, BFI-2 ya Soto na John (2017) ina sentensi 60, nusu za kawaida na nusu zimegeuzwa, kwa hiyo wastani wa zote 60 unakupa hesabu hiyo moja kwa moja.

Tafsiri yako nayo inahitaji kazi. Sentensi zenye kukanusha ndizo zinazoua alfa. Ukiandika «Siwasikitikii sana watu wenye shida» na jibu likawa «Hainihusu kabisa», mhojiwa anabeba makanusho mawili kichwani, na baadhi wanaweka alama upande usio wao. Jaribu «Mtu akiwa na shida, naweza kukaa bila kumsikitikia», au namna nyingine yoyote ambayo kitenzi kikuu hakikanushi. Usitafsiri peke yako: wawili watafsiri kila mmoja kivyake, mkae mpatanishe, wa tatu asiyeijua hojaji arudishe kwenye Kiingereza, mlinganishe. Baada ya hapo kaa na wauguzi 8 hadi 10, mmoja mmoja, asome kila sentensi kwa sauti na akueleze kwa maneno yake inauliza nini. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayoonyesha sentensi zilizokufa.

Zuhura_Tafiti

Asanteni sana. Nimekagua: namba 14 na 18 sikuzigeuza. PHQ-9 nilichukua toleo la Kiswahili lililopo tayari, sikutafsiri mwenyewe. Kuna la kuangalia huko pia?

Muuguzi_Akili

Lipo, tena zaidi ya moja. Kutotafsiri umefanya vyema, toleo la Kiswahili limeshatumika na kupimwa Kenya na Tanzania.

Swali la 3 linahusu usingizi, la 4 uchovu. Muuguzi aliyetoka zamu za usiku atapata alama kwenye yote mawili bila kuwa na sonona yoyote. Uliza ni zamu ngapi za usiku alizofanya ndani ya wiki mbili zilizopita (kipindi kilekile cha PHQ-9) na uingize namba hiyo kwenye rigresheni (hesabu inayopima mchango wa mambo kadhaa kwa pamoja). Kisha rudia uchambuzi ukiwa umeyaondoa maswali hayo mawili. Uhusiano ukipotea, ulikuwa unapima ratiba ya wodi.

Upande wa BFI, hulka ya kuyumba kihisia ina sentensi 8, na mojawapo inamuuliza mtu moja kwa moja kama ni mwenye huzuni na unyong'onyevu. Hiyo ni PHQ-9 iliyovaa nguo nyingine. Fanya hesabu ukiwa nayo na bila yake, uripoti zote mbili.

Sasa la 9, ninalokuomba ulipe uzito kuliko alfa zote. Linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujiumiza. Ukikusanya fomu kwenye bahasha na kuzifungua nyumbani baada ya wiki, utamkuta mtu aliyeweka 3 na huna namna ya kumfikia. Panga kabla: fomu iangaliwe palepale, mhojiwa hajaondoka, na yeyote aliyeweka 1 au zaidi azungumzwe naye faraghani siku hiyohiyo na mtu mwenye mafunzo, kukiwa na jina la kliniki na saa zake. Utaratibu huo uandike kwenye maombi ya kibali cha maadili. Kumbuka kwamba kujaribu kujiua bado ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kwa hiyo watu wanaogopa kujibu kweli. Waeleze wazi nani ataona jibu lao na nani hataliona. Muuguzi kiongozi wa wodi asishike fomu hizo hata moja, la sivyo utapata sifuri tupu.

Na alama 10 au zaidi usiziite «ana sonona». Andika «ana dalili zinazohitaji uchunguzi zaidi». PHQ-9 inachuja tu, utambuzi ni wa mtaalamu.

Zuhura_Tafiti

Nimeelewa. La mwisho: msimamizi anataka nionyeshe kwamba haiba inasababisha fadhaa, na fadhaa inasababisha sonona. Inawezekana kwa data hii?

Mzee_wa_Takwimu

Kwa data iliyokusanywa siku moja, hapana. Programu itakuchorea mishale na kukupa namba, lakini mishale hiyo umeichora wewe. Mwenye sonona anajiona dhaifu kuliko alivyo, kwa hiyo hata majibu yake ya haiba na fadhaa yanabadilika, na mshale unaweza kwenda upande wa pili kwa namba zilezile. Tena vyote vitatu vimejazwa na mtu mmoja, kikao kimoja, jambo ambalo peke yake linapandisha uhusiano.

Ukipata muda, rudia PHQ-9 na fadhaa binafsi baada ya miezi mitatu kwa watu walewale, ukitumia namba ya siri badala ya jina. Hapo utaweza kuuliza kama fadhaa ya mwanzo inatabiri sonona ya baadaye, ukiwa umedhibiti sonona ya mwanzo. Usipopata muda, weka vipengele vinne vya IRI, hulka tano na zamu za usiku kwenye rigresheni moja, na sentensi ya matokeo iwe hivi: «Wauguzi wenye fadhaa binafsi kubwa waliripoti dalili nyingi zaidi za sonona, hata baada ya kuzingatia hulka ya kuyumba kihisia na zamu za usiku.» Kama ndivyo namba zitakavyosema. Kama hazisemi hivyo, liandike hilo.