Wauza risasi wa Kampala, mnajua mnachouza au mnasoma boksi tu?

Wakuu, leo siandiki kwa upole.

Mzee ninayemfanyia kazi huku Kiruhura, kazi ya kuongoza wawindaji wenye vibali, amefunga mtutu wa mifereji, ile inayozunguka ndani ya mtutu ili kuzungusha risasi, kwenye shotigani yake ya geji 12. Nikaenda naye Kampala, duka lenye leseni kabisa, tukaeleza: mtutu una mifereji ndani, tunataka slagi, yaani ganda lenye risasi moja nzito badala ya chembe nyingi. Jamaa akatoa moja, akatuonyesha mistari iliyochongwa ubavuni mwake. "Ssebo, mifereji kwa mifereji. Hizi ndizo zenu." Mzee akalipa hela ya mbuzi.

Kumbe ni kinyume chake! Slagi ya mistari, ile aliyoibuni Mmarekani Karl Foster mwaka 1931, ni ya mtutu laini, usio na mifereji. Nyuma imechimbwa kama kikombe, uzito wote uko kichwani, kwa hiyo inaenda pua mbele bila kuzungushwa. Ile mistari inaisaidia kujibana ikipita kwenye choki, pale mtutu unapobana mdomoni, basi. Mtutu wa mifereji unataka saboti: slagi nyembamba iliyovikwa koti la plastiki. Koti ndilo linaloshika mifereji na kuizungusha slagi, kisha linadondoka njiani. Ukipitisha madini ya risasi tupu humo, yanajipaka.

Na yalijipaka. Tulijaribu kwenye karatasi, mita 50. Tatu za kwanza unazifunika kwa kiganja. Ya kumi hata karatasi haikuiona. Nikachungulia mtutuni: mifereji imejaa, inang'aa kama sufuria mpya. Jioni mbili nimesugua kwa brashi ya shaba, vinatoka vibanzi kama maganda ya vitunguu. Sasa fikirieni tungekuwa tumeshampa mgeni bunduki hiyo, nguruwe pori akajeruhiwa jioni akaingia kichakani. Anayetangulia kufuata damu ni mimi, si muuzaji.

Tukarudi dukani. "Bidhaa ikishauzwa hairudi." Halafu, bila hata aibu, akainama chini ya kaunta akaibuka na saboti. Alikuwa nazo siku zote!

Nikasoma boksi: ganda la milimita 76. Chumba cha bunduki yetu, pale ganda linapokaa, ni cha 70, imegongwa pale pale kwenye chuma. Akasema, "Si inaingia?" Ndiyo, inaingia, kwa sababu mdomo wa ganda bado umekunjwa. Ukifyatua hauna pa kukunjukia, presha inapanda, na uso wa mpigaji uko karibu tu na kufuli linaloziba nyuma ya mtutu. Huyu mtu ana leseni ya kuuza risasi, wakuu. Mimi leseni yangu ya bodaboda ilinitesa wiki tatu.

Wenye mitutu ya mifereji humu, mmejaribu saboti aina ngapi kabla bunduki haijakubali moja? Na za 70 mnazipata duka gani? Mzee anasema akikosa atarudishia mtutu laini, na ile boksi ya mbuzi itapata kazi.