Mrejesho: maboga ya Himbi yameshika

Aksanti sana, mama na ndugu zangu. Mnakumbuka nililia kwamba viboga vyangu hapa Himbi, mtaa wa Goma, vinageuka njano na kuanguka vikiwa bado sawa na limau. Nimefuata shauri lenu la kuamka mapema na kuchavusha maua kwa mkono: saa kumi na mbili na nusu nachuma ua dume, lile lenye kikonyo chembamba bila kiboga chini, natoa petali, napakaza unga wake (chavua) katikati ya ua jike, lile lenye kiboga chini. Kati ya maua jike saba, manne yameshika. Moja limeshapita kichwa cha mtoto wangu! Mawili nilichelewa, saa nne yalikuwa yamesinyaa. La saba lilinyeshewa, likaoza. Brashi ya kupakazia niliiacha, unga wote ulibaki kwenye nywele zake. Kidole kinatosha.