Mpenzi wa riwaya aitazame filamu yake au aiache?

Wadau, kila inapotangazwa filamu iliyotokana na riwaya inayopendwa, ugomvi ni uleule. Waliosoma wanaapa hawaigusi, wasije wakaharibiwa kitabu chao. Wasiosoma wanawaona wenzao wana maringo ya bure. Mimi ni mtu wa vitabu kuliko skrini, na upande wangu nauweka mezani mapema: mpenzi wa kitabu aitazame. Tena nasema yeye ndiye mwenye nafasi ya kuifaidi kuliko mtazamaji mwingine yeyote, kwa sharti nitakalolitaja huko chini.

Tuanze na lawama nyepesi: "Wamekata mno." Jamani, watakosaje kukata? Kwa mazoea ya wanafilamu, ukurasa mmoja wa mswada hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Filamu ya saa mbili, basi, ni kurasa 120 hivi, na hizo zenyewe zimejaa nafasi nyeupe. Riwaya ya kurasa 400 utaiingiza wapi? Aliyejaribu tunamjua. Mwongozaji Erich von Stroheim aliichukua riwaya ya Frank Norris, McTeague, akaipiga picha karibu yote, na toleo lake la kwanza likawa na urefu wa takriban saa nane. Filamu hiyo, Greed, ilipotoka mwaka 1924 kampuni ilikuwa imeifyeka hadi saa mbili na ushei, na sehemu kubwa ya vipande vilivyoondolewa haikuonekana tena.

Na kuna kinachokatwa ambacho hakuna anayekililia. Katika Jaws, riwaya ya Peter Benchley ya mwaka 1974, mke wa mkuu wa polisi anatembea na yule mtaalamu wa papa, na mtaalamu mwenyewe anaishia kuliwa. Filamu ya Steven Spielberg ya 1975 ilitupa mapenzi hayo ya wizi na ikamwacha mtaalamu hai. Na jina la Benchley mwenyewe limo kwenye mswada wa filamu, kama mmoja wa waandishi wake. Hebu aliyesoma aje aseme kama aliwahi kuyatamani yale mapenzi yarudishwe.

Lawama nzito ni nyingine: filamu huondoa sauti inayosimulia. Hapa wapinzani wangu wana haki, na mfano mzuri kuliko yote naujua mimi ninayewapinga. Riwaya ya Ken Kesey ya mwaka 1962, One Flew Over the Cuckoo's Nest, inasimuliwa na Bromden, mgonjwa katika hospitali ya wenye maradhi ya akili. Ni jitu la mtu, na kila mmoja pale anamdhania kiziwi na bubu. Wauguzi wanasema siri zao mbele yake kama vile ni ukuta. Lakini wewe msomaji, tangu kurasa za mwanzo, unajua anasikia kila neno. Umo kichwani mwake, unaona naye ukungu ambao anaamini wakubwa wanautoa kwa mashine ili kuwapumbaza wagonjwa. Filamu ya 1975 ikamtoa kwenye kiti cha msimulizi. Tunamwona kwa nje tu, amesimama na ufagio. Halafu McMurphy, mgonjwa mwenzake, anampa kipande cha bazoka ya kutafuna, na yule bubu anashukuru kwa mdomo wake. Ukumbi mzima unashtuka pamoja na McMurphy.

Kesey alichukia sana kuondolewa kwa msimulizi wake, na alisema hakuitazama filamu hiyo. Ikashinda tuzo zote tano kubwa za Oscar bila baraka zake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kilichopotea ni kikubwa, maana bila kichwa cha Bromden ile si riwaya tena. Lakini angalieni nani anayeuona ujanja wote. Asiyesoma anapata mshtuko, basi. Aliyesoma anaona mshtuko ulivyotengenezwa, kwamba siri aliyopewa yeye mwanzoni imefichwa na kuwekwa akiba kwa ajili ya dakika ile moja. Raha hiyo huwezi kuipata kwa filamu peke yake, wala kwa kitabu peke yake.

Sasa hasara ya kweli, ambayo sina dawa yake: sura. McMurphy wa kitabuni ni pande la mtu lenye nywele nyekundu. Ukishamwona Jack Nicholson akimwigiza, jaribu kumrudisha yule wa kwanza. Harudi! Na wachapishaji wanamalizia kazi kwa kubandika picha ya mwigizaji kwenye jalada la toleo jipya, hata msomaji mgeni anaanza ukurasa wa kwanza akiwa ameshachaguliwa uso. (Jalada la namna hiyo silinunui, hilo ni la kwangu binafsi.) Gabriel García Márquez hakukubali maisha yake yote riwaya yake ya mwaka 1967, Cien años de soledad, igeuzwe filamu. Alifariki 2014, baadaye familia ikaridhia, na mwaka 2024 ikatoka kama tamthilia ya vipindi, kwa Kihispania.

Kwa sababu hiyo sharti langu ni la muda. Maliza kitabu, kiache kikae, wahusika wapate sura zao kichwani mwako na wazizoee. Anayefunga ukurasa wa mwisho leo na kuwasha filamu kesho anakwenda kama mkaguzi wa hesabu, kutafuta kilichopungua, na lazima atakipata. Kuhusu kutanguliza filamu halafu kitabu, sina ugomvi na mtu. Ni njia mojawapo ya kufika kitabuni.

Kuna wanaosema mwandishi akiikataa filamu, sisi wasomaji tumuunge mkono kwa kutotazama. Stephen King, mwandishi wa riwaya The Shining, hakuipenda filamu aliyoitengeneza Stanley Kubrick kutokana nayo mwaka 1980. Katika riwaya ya King, bwela la kuchemshia maji la hoteli linalipuka na hoteli yote inateketea. Kubrick akamgandisha baba wa familia inayoitunza hoteli hiyo kwa theluji ndani ya bustani ya vichochoro. Moto ukageuka barafu, kinyume kabisa. King akaandika mwenyewe toleo la televisheni, likarushwa 1997, lililo karibu zaidi na kitabu. Pamoja na uaminifu wake wote, linalozungumzwa hadi leo ni lile la Kubrick. Mwandishi ana haki ya kuchukia, ila mimi sijafungwa na chuki yake.

Na wale wanaoiona filamu kama kitabu kilichochakachuliwa kwa ajili ya wavivu wa kusoma, nawakumbusha Ousmane Sembène. Huyu Msenegali alikuwa mwandishi wa riwaya kwanza, kisha akaenda Moscow kujifunza filamu, kwa kuwa wengi wa watu aliowaandikia hawakuweza kusoma Kifaransa cha vitabu vyake. Xala aliitoa kama riwaya mwaka 1973, na 1975 akaitengeneza filamu mwenyewe. Alijichakachua?

Nimwachie nafasi mtu mmoja tu: yule ambaye kitabu kimefungamana na maisha yake kiasi kwamba hataki sura nyingine yoyote iingie humo. Huyo simbishii. Ninaobishana nao ni wale wanaoligeuza hilo kuwa kanuni kwa kila msomaji.

Nao nawauliza. Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, tunaisoma, kisha tunakwenda kuitazama jukwaani, na mwigizaji akibadilika tunakwenda tena. Hakuna anayelalamika kwamba ameibiwa Hamlet wake. Little Women, riwaya ya Louisa May Alcott, imetengenezwa filamu mwaka 1933, 1949, 1994 na 2019, mbali na nyingine, na wanaokipenda kitabu hicho hushindana ni Jo yupi, yaani mhusika mkuu, aliyemkaribia wa kitabuni. Je, kinachowaudhi ni filamu, au ni kwamba riwaya yenu imepata filamu moja tu na haina mpinzani? Kama ni hilo la pili, mbona hamdai itengenezwe nyingine?