Wakufunzi wa Kigoma na Tabora, tupeane uzoefu: ulijifunzaje kufundisha kwa mtandao?

Mwana wa Katubuka:
Wakuu, heshima kwenu. Jana tumeletewa barua chuoni: mafunzo ya siku tatu ya kufundisha kwa mtandao, wakufunzi wote, hakuna udhuru. Nilivyoisoma tu nikakumbuka mafunzo yetu ya kwanza, baada ya vyuo kufungwa Machi 2020 na kufunguliwa tena Juni mosi. Mwezeshaji alitoka Dar, kijana mwenye ujuzi wake, hilo simnyimi. Akasimama mbele na projekta, anabonyeza: hapa unafungua kozi, hapa unapakia notsi, hapa unaweka zoezi. Tulikuwa watu 31, kompyuta zilizowaka 9. Umeme wa Kigoma wakati ule ulikuwa bado wa majenereta ya dizeli, saa tano ukakata, siku tukaimalizia kwa kutazama karatasi zilizochapwa picha za skrini. Siku ya tatu vyeti. Wiki iliyofuata nikakaa peke yangu ofisini, hata pa kuingilia sipakumbuki.

Aliyenifundisha kweli ni mwenzangu wa idara ya hesabu. Alivuta kiti pembeni yangu na hakugusa mausi hata mara moja. Nikikwama anasema, "Soma kilichoandikwa hapo, kwa sauti." Nasoma. "Sasa kinataka nini?" Jumatatu na Alhamisi, saa tisa alasiri, wiki sita. Somo la kwanza nililoliweka kwenye Moodle, ule mfumo wa chuo wa masomo ya mtandaoni, nililiweka kwa mkono wangu mwenyewe, na wanafunzi 22 wakalifungua usiku uleule. Nilikuwa naziona zile namba zinapanda, usingizi haukuja.

Nimeombwa kusema machache siku ya kufungua hayo mafunzo. Nataka niende na maneno yenu. Kipi kilikusaidia, kipi kilikupotezea muda?

Mama Shukuru wa Isevya:
Karatasi za picha za skrini! Ninazo hadi leo kabatini.

Nyuki Mdogo:
Mimi niko Tabora. Nilianza na Zoom ile ya bure, dakika 40 inakukata. Darasa la watu 80, wengine wamesharudi kwao Urambo, Sikonge, Kaliua. Siku ya kwanza waliingia 11. Nikadhani ni uvivu, nikakasirika, nikaandika ujumbe mkali kwenye kundi. Usiku mwanafunzi mmoja akanipigia: "Mwalimu, bando la kukusikiliza wewe ndilo hela ya mboga ya siku mbili hapa nyumbani." Nilinyamaza kwenye simu. Sikuwa na la kumjibu.

Tangu siku ile narekodi sauti fupi, dakika tano tano, naweka WhatsApp pamoja na picha ya ubao. Kila sauti ina swali moja mwishoni na jibu wanalileta kwa maandishi. Video nimeiacha, labda kitu kinachohitaji kuonekana kwa macho. Darasa likarudi.

Mvuvi wa Kibirizi:
Ndugu Nyuki, nakuheshimu lakini WhatsApp si darasa. Notsi zako zinakaa katikati ya "hongera kwa kupata mtoto" na tangazo la msiba. Baada ya wiki mbili mwanafunzi anatafuta somo la tatu halioni. Nani kajibu, nani hakujibu, unajuaje? Unahesabu kwa kidole?

Nyuki Mdogo:
Nahesabu kwa daftari, ndiyo. Na wanafunzi wangu wapo. Wa kwako kwenye hiyo Moodle yako wanaingia wangapi?

Mvuvi wa Kibirizi:
Wanaingia, kwa sababu niliwafundisha kupakua somo kwenye programu ya simu wakiwa chuoni, wakifika nyumbani wanasoma bila bando. Tatizo ni kwamba hilo halikusemwa kwenye semina yoyote niliyohudhuria. Nililigundua mwenyewe.

Huyu aliyeibuni Moodle, Martin Dougiamas, ni mtu wa Australia na utotoni alisoma kwa redio kwa sababu walikuwa wanakaa jangwani, mbali na shule. Toleo la kwanza limetoka 2002. Kwa hiyo tusiseme ni kitu cha watu wa mjini wenye mtandao wa kasi.

Bi Mkubwa Ujiji:
Wanangu, msigombane. Vyote vinatumika, kila kimoja na kazi yake.

Mwalimu wa Ipuli:
Nimesoma hapa nimeona niandike, ingawa ni jambo ambalo nyumbani kwangu hatuliongelei.

Mwaka juzi nilitunga jaribio langu la kwanza la mtandaoni, la alama 20, linaingia kwenye tathmini endelevu. Darasa lina watu 64. Maswali niliyatunga kwa moyo, siku nne. Nikawatangazia darasani: jaribio ni Jumanne, saa mbili hadi saa nne asubuhi, maabara ya kompyuta. Jumatatu jioni nikakaa kuweka muda. Kile kisanduku cha saa kina namba tu, 00 mpaka 23. Kufungua, nikachagua 02. Kufunga, nikachagua 04. Saa mbili, saa nne. Nikahifadhi, nikaenda kulala nikiwa na amani kabisa.

Asubuhi maabara imejaa. Wanafungua, skrini zote zinasema jaribio limefungwa. Mimi nikahisi mfumo umeingiliwa. Nampigia kijana wa TEHAMA, yuko Nzega msibani. Nikiwa bado na simu sikioni, mwakilishi wa darasa anasema kwa sauti: "Mwalimu, hapa kuna mtu ana alama 17." Kweli. Majina 63 yana mstari mtupu, jina moja lina 17. La binti. Muda wa kufanya: saa nane na dakika 47 usiku hadi saa tisa na dakika 31.

Ndugu zangu, mnajua maneno yalivyokimbia. Mpaka saa sita mchana kantini nzima inasema mwalimu kamfungulia binti mtihani usiku. Saa tisa nikaitwa ofisini. Mke wangu alipata habari sokoni kabla sijafika nyumbani. Nilikuta chakula mezani kimefunikwa na yeye amekaa chumbani, taa haijawashwa.

Kilichoniokoa ni kumbukumbu za mfumo. Kijana wa TEHAMA aliporudi alizifungua mbele ya uongozi: kila kilichobonyezwa, nani, saa ngapi. Ikaonekana nimeweka 02 na 04 Jumatatu jioni na sikugusa tena chochote. Kisha binti akaitwa. Akaja na mtoto mgongoni, wa miezi mitatu. Akaulizwa ilikuwaje ukafanya mtihani usiku. Akajibu: "Nilikuwa namnyonyesha, nikaingia kuangalia kwenye simu, imeandikwa 02:00. Nikajua ni saa nane usiku. Nikafikiri mwalimu amebadilisha, nikamlaza mtoto nikafanya."

Katika watu 65, mimi nikiwemo, ni yeye peke yake aliyeisoma ile saa inavyosomwa.

Mwezeshaji wa semina alitueleza kila kisanduku. Hicho alikipita kwa sekunde mbili kwa sababu kwake kilikuwa wazi. Kwa mtu aliyezaliwa anahesabu saa moja jua likichomoza, hakiko wazi hata kidogo.

Mama Shukuru wa Isevya:
Mwalimu pole sana. Na mama watoto, mliongea?

Mwalimu wa Ipuli:
Tuliongea. Nilimpeleka akaonyeshwa zile kumbukumbu kwa macho yake. Ilichukua muda lakini tuliongea.

Kijana wa Gungu:
Sasa ile 17 ilibaki?

Mwalimu wa Ipuli:
Ilibaki. Wengine walirudia wiki iliyofuata kwa maswali mengine.

Kijana wa Gungu:
Hapo sikubali. Wote warudie. Yeye alifanya peke yake nyumbani, hakuna msimamizi, daftari labda liko pembeni. Wenzake wamefanya maabara wanaangaliwa. Haki iko wapi?

Bi Mkubwa Ujiji:
Mwanangu wewe umewahi kunyonyesha saa nane usiku? Huyo alifungua, akafuata maelekezo yaliyoandikwa, akafanya. Kosa si lake. Unamrudishaje?

Kijana wa Gungu:
Bibi, simlaumu yeye. Nasema mizani. Jaribio moja, mazingira mawili.

Mvuvi wa Kibirizi:
Na hao 63 walipata wiki nzima ya kusoma zaidi. Hilo nalo lipimie.

Nyuki Mdogo:
Jamani mada ni mafunzo ya wakufunzi. Hili la 17 tutalimaliza kesho kutwa?

Kijana wa Gungu:
Mada ndiyo hii. Mkufunzi akifundishwa kutunga jaribio ambalo kila mtu anavuta maswali tofauti kutoka benki ya maswali, hata akifanya nyumbani haitusumbui. Nani amefundishwa hilo? Tumefundishwa kupakia PDF.

Mvuvi wa Kibirizi:
Hapo nakuunga mkono. Na kwa mwalimu wa Ipuli: siku nyingine kabla ya kulala badilisha jukumu lako kuwa mwanafunzi, uone wanachokiona wao. Pia usifute jaribio likienda vibaya, sogeza tu muda wa kufunga, hata kwa mwanafunzi mmoja mmoja inawezekana.

Muuguzi Mkufunzi:
Nafundisha chuo cha afya, sitakitaja. Nichangie upande mwingine. Tulilazimishwa kila somo liwe na sehemu ya mtandaoni. Huwezi kufundisha kupima presha kwa maandishi. Mwanafunzi aliniandikia aya nzuri kabisa, hatua zote, alama zote nikampa. Alipofika wodini akafunga kitambaa cha kipimo juu ya sweta la mgonjwa. Nililia siku ile, na lawama ni yangu niliyempa alama. Sasa nadharia naweka mtandaoni, wanaisoma kabla, muda wote wa darasa ni mikono. Kwenye mafunzo yenu muulizeni mwezeshaji: somo langu mimi, kipi kiende mtandaoni na kipi kisiende kamwe? Akishindwa kujibu, anajua kompyuta, kufundisha hajui.

Msafiri wa Reli ya Kati:
Ushauri wangu ni mmoja. Kabla ya kufundisha mtandaoni, kuwa mwanafunzi wa mtandaoni. Mimi nilisoma Chuo Kikuu Huria kupitia kituo cha Kigoma, kazi zangu nazipakia usiku baada ya watoto kulala. Niliwahi kukaa siku 19 bila mwalimu kujibu swali langu. Siku 19! Leo mwanafunzi wangu akiuliza, hata kama sina jibu namwandikia "nimeona, nitakujibu kesho." Hilo hakuna semina iliyonifundisha.

Mjukuu wa Mirambo:
Semina bila posho watu hawaji, tuseme ukweli.

Bi Mkubwa Ujiji:
Wenye posho nao huja wakasaini wakaondoka saa nne. Nimeona kwa macho.

Mjukuu wa Mirambo:
Basi posho itolewe siku ya mwisho, kwa aliyeonyesha somo lake liko mtandaoni na mwanafunzi mmoja amelifungua.

Nyuki Mdogo:
Hiyo nimeipenda. Ingawa utapigwa.

Mstaafu wa Cheyo:
Mimi nilistaafu sijajua. Niliogopa kuuliza mbele ya vijana niliowafundisha mimi mwenyewe, nikawa nampa karani anipakie. Vishikwambi vya sensa ya 2022 vilipogawiwa walimu, changu nilikiweka kwenye sanduku lake hadi nilipokirudisha. Mwambieni huyo mwezeshaji awatenge wazee siku ya kwanza, wakae peke yao, waulize wanachotaka bila kuona haya. Mngenifanyia hivyo ningejifunza.

Mwana wa Katubuka:
Mzee wangu, shikamoo. Hilo lako nitalisema la kwanza kabisa.

Nimeandika: wazee wakae peke yao, kila mtu ashike mausi mwenyewe, kila mtu aje na somo lake halisi na si la mfano, kile kisanduku cha saa kielezwe kwa saa zetu, na baada ya zile siku tatu kila mmoja apewe mwenzake wa kukaa naye wiki sita. La mwisho watalikataa, watasema halina fungu. Nitalisema hivyohivyo. Mwenzangu wa hesabu hakulipwa hata chai.

Mstaafu wa Cheyo:
Marahaba mwanangu. Na kwa sasa hakuna wa kunifundisha? Nina mjukuu anasoma mbali, nataka niwe namsahihishia insha zake.

Mama Shukuru wa Isevya:
Baba, Cheyo na Isevya si mbali. Jumamosi nipo nyumbani kuanzia saa nne asubuhi. Njoo na simu yako na chaja, mausi utashika wewe.