Naomba ushauri: tarehe ya talaka yaweza kurudishwa nyuma?

Mwana_Kisauni: Asalaam aleikum. Mume wangu alinitaliki kwa mdomo mwezi wa Januari, akahama. Nilipokwenda kwa kadhi akakana. Hukumu imetoka wiki jana: ndoa imevunjwa kuanzia siku hiyo ya hukumu. Mimi nataka isome Januari. Wallahi silali.

BabuWaMajengo: Zamani mambo haya yaliishia kwa wazee, barazani. Sasa kila kitu korti.

Samli_na_Asali: Pole mwanangu. Mie niliandikiwa talaka nyuma ya risiti ya duka. Kutaka kuolewa tena, naulizwa mashahidi. Mmoja keshafariki, mwengine yuko Maskati. Miaka miwili nazungushwa!

KaraniMstaafu: Dada, kadhi hakuthibitisha talaka ya mumeo. Ameivunja ndoa mwenyewe, na fasakhi, yaani ndoa kuvunjwa na kadhi, huanza inapotamkwa. Kwa hiyo hubadilishi tarehe, wataka kuthibitisha jambo jengine kabisa. Waweza kuomba hukumu ipitiwe upya ukiwa na ushahidi mpya. Nani alisikia? Na tarehe yakuuma nini, kiwanja?

Mwana_Kisauni: Kakangu alisikia. Si kiwanja, ni eda tu, ule muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena.

KaraniMstaafu: Eda si unakaa sasa?

Mwana_Kisauni: Nimeshaolewa. Juni, nyumbani, watu sita. Lakini nilihesabu hedhi tatu kamili tangu Januari, sikuruka hata siku! Na ni mtu mwema, ada ya watoto analipa yeye. Yule wa kwanza hata unga haleti.

BabuWaMajengo: Astaghfirullah.

Mtu_wa_Likoni: Walii aliyekuozesha alikuwa nani?

Mwana_Kisauni: Kakangu.

Mtu_wa_Likoni: Shahidi kaka, walii kaka, na kortini kaka hakuonekana. Jamani, hadithi hii imetungwa. Tusipotezeane bando.

Mwana_Kisauni: Sijatunga! Nilimwambia asije mimi mwenyewe. Angeapishwa, angeulizwa ya Juni.

Samli_na_Asali: Huyu hasemi uongo. Mtunzi angejipamba.

KaraniMstaafu: Basi huo si ushahidi mpya, ulikuwa nao ukauficha. Rufaa huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 30, nako pia utaulizwa ulimficha kwa nini. Jumatatu tafuta wakili, umwambie yote, hata hilo la Juni. Na huyo bwana akae kwao mpaka lijulikane. Hili usilichezee.

Mwana_Kisauni: Watoto wameshamzoea, kaka. Niwaambie kaenda wapi?