Naomba ushauri: kasuku wa kijivu au kokateli?

Habari zenu wakuu. Watoto wanataka kasuku na mama yao ameshakubali, kwa hiyo kilichobaki ni kuchagua aina.

Wa kwanza ni yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Anaongea kweli kweli, ila anaweza kuishi miaka 40 hadi 60 (yaani nitamrithisha mtu!), na akikosa wa kushinda naye hujinyonyoa manyoya hadi kifua kinabaki kitupu. Tena tangu 2017 biashara ya kimataifa ya wale wa porini imezuiwa, kwa hiyo lazima awe aliyezaliwa kwenye ufugaji, mwenye karatasi zake.

Wa pili ni kokateli, yule mdogo mwenye kishungi na mashavu ya rangi ya machungwa. Maneno hana mengi, lakini dume hupiga mluzi vizuri. Mimi moyo uko huku.

Shida ni kwamba wote wawili hutoa unga mweupe wa manyoya, na binti yetu mdogo ana pumu. Mliofuga ndani, vumbi hilo linadhibitika kweli, au nitazame wale kasuku wadogo wa kijani wa Australia (budgerigar)?